Kadi ya Kampuni Inapokoma: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Bima ya Afya Baada ya Kustaafu

SWALI: Kwako mshauri. Nina umri wa miaka 58 na nimekuwa karani wa ghala katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda, hapa Nairobi, kwa miaka 27. Nitastaafu nikitimiza miaka 60. Mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 92,000 kwa mwezi. Muda huo wote mimi na mke wangu tumetibiwa kwa bima ya kampuni, lakini nimearifiwa kwamba kadi hiyo itakoma siku yangu ya mwisho kazini. Mke wangu ana kisukari na presha. Wakala wa bima niliyemwendea anasema kwamba umri wetu utapandisha malipo kila mwaka, na kwamba maradhi ya mke wangu hayatagharimiwa mpaka kipindi fulani kipite. Rafiki zangu wengine wananihimiza nichukue sehemu ya pensheni ninunue bima kubwa. Wengine wanasema SHA, bima ya afya ya serikali, inatosha. Nishike lipi? – Baba wa Watatu, Buruburu.

JIBU: Mzee wangu, umeandika ukiwa bado na miaka miwili ya mshahara, na nimefurahi kwa hilo, kwa sababu barua nyingi za aina hii hunifikia baada ya mtu kustaafu, wakati njia iliyo nafuu kuliko zote imekwisha kufungwa. Nitaanza na SHA, kwa kuwa ndiyo msingi, kisha nikueleze kwa nini haitoshi peke yake.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo SHA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2023, na ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa sasa unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, yaani shilingi 2,530 kila mwezi, na anayekata na kupeleka ni mwajiri. Siku utakayoondoka, hakuna atakayekulipia. Utahesabiwa kama kaya isiyo na mshahara: mtajibu maswali kuhusu nyumba mnayoishi, maji, nishati ya kupikia na mengineyo, mfumo ukadirie kipato chenu, kisha mlipe asilimia hiyo hiyo ya 2.75, ila sasa mtatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Mkikadiriwa kipato cha shilingi 30,000 kwa mwezi, mchango wenu utakuwa shilingi 825 kwa mwezi, yaani 9,900 kwa mwaka. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka.

Hapa ndipo wastaafu wengi hukwama. Mtu hudhani kwamba, kwa kuwa amekatwa miaka yote, jina lake limo na atatibiwa, kumbe mchango wa mwisho ulikoma pamoja na mshahara. Anagundua hivyo akiwa kwenye dirisha la malipo hospitalini, mgonjwa amelala kwenye benchi nyuma yake. Kwa hiyo, katika mwezi wako wa mwisho kazini, piga *147# au nenda katika kituo cha Huduma kilicho karibu nawe, kama kile cha Makadara, ubadilishe hali yako na ufanyiwe tathmini. Fedha za mchango wa mwaka wa kwanza ziwe zimetengwa kabla fungu la pensheni halijaguswa kwa jambo jingine lolote, hata karo.

Nasisitiza SHA kwa ajili ya mke wako hasa. Mfuko huu haumuulizi mtu umri wake wala ugonjwa alionao, na hilo ni jambo ambalo hutalipata kwa urahisi katika bima ya kibinafsi ukiwa umepita miaka 60. Lakini una mipaka yake. Kwa mgonjwa aliyelazwa, viwango vilivyotangazwa ni shilingi 3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4, kama ile ya kaunti ndogo, na 4,480 katika ya ngazi ya 6, yaani ya rufaa ya kitaifa. Katika hospitali ya kibinafsi jijini, kitanda, daktari bingwa na vipimo vinaweza kupita kiasi hicho kwa mbali, na tofauti itakuwa juu yako. Nilimuuguza shangazi yangu katika hospitali moja ambako tulidaiwa amana kabla hajapelekwa wodini, na bado nakumbuka jinsi tulivyosimama kwenye ukumbi ule tukiwapigia simu ndugu mmoja mmoja.

Sasa ile njia nafuu niliyoitaja. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, sheria za kodi zinamruhusu mfanyakazi kuchangia mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, na kiasi hicho huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa mshahara wako, sehemu ya juu ya mapato hutozwa asilimia 30. Ukiweka shilingi 10,000 kila mwezi, kodi yako itapungua kwa 3,000, kwa hiyo mfukoni zitatoka 7,000 tu. Kwa miezi 24 utakuwa umeweka 240,000 kabla ya faida. Waulize wadhamini wa mpango wenu wa pensheni, kwa maandishi, kama wana mfuko wa namna hiyo. Kama hawana, waulize kwa nini, na uwashirikishe wenzako wanaokaribia kustaafu. Nafuu hii ya kodi ina maana kwa mtu ambaye bado analipwa mshahara, ndiyo maana sitaki uahirishe hata mwezi mmoja.

Kuhusu bima kubwa ya kibinafsi, sikushauri uchukue sehemu nono ya pensheni kuinunua. Malipo hupanda umri unavyopanda, na mtu anayelipa kwa shida mwaka wa kwanza huacha mwaka wa nne, akiwa mzee zaidi na mgonjwa zaidi. Ukiweza, chukua ya kulazwa pekee na uache ya matibabu ya kutwa. Kabla ya kutia sahihi, muulize wakala umri wa mwisho wa kupokelewa na wa kuendelea, kipindi cha kusubiri kwa kisukari na presha, na kiasi utakachochangia mwenyewe kila unapotibiwa. Iulize pia kampuni ya bima inayowahudumia kazini sasa kama inaweza kuwahamisha kutoka bima ya kikundi hadi ya familia bila kuanza upya kipindi cha kusubiri. Swali hilo liulizwe kadi yako ingali hai.

Jambo ambalo hukuliandika, na ambalo naamini litakusumbua kuliko yote, ni dawa za kila mwezi. Familia nyingi huogopa upasuaji mmoja mkubwa, ilhali kinachomaliza pensheni polepole ni vidonge, vipimo vya sukari na nauli ya kliniki. Anza sasa kuandika mnachotumia kwa mke wako kila mwezi, hata kama bima ya kampuni ndiyo inayolipa. Mwombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe, kama vile metformin au amlodipine, badala ya jina la kiwanda, kwani tofauti ya bei kwenye duka la dawa ni kubwa. Vilevile mke wako ajiandikishe mapema katika kliniki ya kisukari ya hospitali ya umma, ili faili yake iwepo kabla mlango wa ile ya kibinafsi haujafungwa.

SWALI: Mama yangu ana miaka 74 na anaishi Kitui. Nilitaka kumwongeza kwenye SHA yangu kama mtegemezi, nikaambiwa haiwezekani. Je, ni kweli? – Binti wa Kayole.

JIBU: Ni kweli, dada. Mchango wako unamhusu mwenzi wako wa ndoa na watoto wanaokutegemea. Mzazi husajiliwa kama kaya yake mwenyewe. Usajili wenyewe haulipiwi, nao unamwezesha kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo chini ya mpango huo. Akihitaji kulazwa ndipo mchango wa mwaka utahitajika, na huo unaweza kumlipia wewe kwa simu kutoka Kayole. Mwombe mhamasishaji wa afya wa kijiji chake amsaidie kujisajili, mama akiwa na kitambulisho chake, na uwe kwenye simu wakati wa maswali ya tathmini, kwa sababu wazee wengi hutaja mali ya watoto wao kana kwamba ni yao.