Jibu: Geti la Ntinda, Kampala, linalofunguka lenyewe usiku

Habari ndugu. Umesema mota imebadilishwa na geti bado linafunguka saa nane usiku bila mtu kubonyeza rimoti. Acha mota kwanza. Kile kisanduku chenye antena kina laini ya simu, ukiipigia geti linafunguka, na pengine kuna anayeipigia.

Toa laini, iweke kwenye simu ya kitochi kwa siku mbili, uone nani anapiga. Namba iliyokaa muda bila kutumika hupewa mtu mwingine, kwa hiyo wanaomtafuta mwenye namba wa zamani wanalipigia geti lako. Kisanduku hukata simu papo hapo na kufungua. Mpigaji akidhani mtandao mbaya anarudia, na geti nalo linarudia.

Ukisharudisha laini, kama kisanduku ni RTU5024, aina iliyozagaa sana, tuma meseji kwa laini yake: 1234AUT# (1234 ni nywila ya kiwandani). Hapo kitasikiliza namba zilizosajiliwa tu. Ikiwa kimewekwa ALL, yaani namba zote, yeyote anafungua, hata wa matangazo. Kisha sajili: 1234A001#00256 ikifuatiwa na tarakimu tisa, halafu #. Ile sifuri ya mwanzo ya 07 usiiandike. Hapo ndipo wengi hukwama, wanabaki nje wakipiga honi.

Badilisha na nywila: 1234P halafu tarakimu nne mpya. Mafundi wengi huiacha 1234, jambo la hatari kuliko hizo simu. Laini iwe na salio, la sivyo hutapata majibu yake. Aina nyingine zina amri zake, tazama kijitabu.