Vidole Vinakufa kwa Baridi, Nyayo Zinawaka Moto: Mwambie Daktari Yote Mawili

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mafinga aliniandikia. Asubuhi za baridi vidole vyake vinakufa ganzi na kubadilika rangi. Usiku nyayo zinawaka moto mpaka anazitoa nje ya blanketi. Alipimwa neva, akaambiwa ziko salama. Sasa mumewe anasema anadeka. Mdogo wangu, hilo neno nalijua vizuri sana.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Njombe, na Julai ya huku haina utani. Ugonjwa ulianzia vidoleni. Sisi weusi tusisubiri ule weupe wa kwenye picha za mtandaoni. Kidole kinapauka kama kimepakwa jivu, kucha zinageuka zambarau, damu ikirudi kinavimba na kupwita. Tazama kiganjani na chini ya kucha, ndipo utaona. Unaitwa ugonjwa wa Raynaud. Wifi yangu aliuita ugonjwa wa kukwepa kufua, tena mbele ya wageni. Bado sijasahau, na najua ananisoma hapa.

Kilichonishtua ni sindano. Nilikuwa nashona gauni la satini la bibi harusi, nikaona doa jekundu linasambaa kwenye pindo. Sindano ilishanidunga kwenye ncha ya kidole cha shahada, mimi sina habari. Wala hakukuwa na baridi, pasi ya mkaa ilikuwa pembeni yangu. Ajabu ni kwamba kitambaa chenyewe nilikuwa nakisikia vizuri, hata mshono.

Daktari aliyenisikiliza hatimaye (wa kwanza alinipa vitamini B na kuniambia nipunguze mawazo) alinieleza hivi. Neva za kugusa na za kusogeza misuli ni nene. Za maumivu, joto na baridi ni nyembamba mno, na kwenye kundi hilo hilo zimo zinazoamuru mishipa midogo ya damu ijikaze au ilegee. Kipimo cha umeme kinasoma zile nene. Kwa hiyo jibu linaweza kutoka safi huku nyembamba zimekwisha. Kipimo chake hasa ni kukata kipande cha ngozi cha milimita 3 juu ya kifundo cha mguu na kuhesabu nyuzi za neva zilizobaki. Mimi sikufanyiwa, bei ilinifanya nicheke.

Ubishi wa kama kosa la Raynaud ni la neva au la mishipa ya damu ni wa zamani. Maurice Raynaud, Mfaransa aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1862, alizilaumu neva. Baadaye Thomas Lewis wa Uingereza akasema kasoro iko kwenye mishipa ya damu ya vidole yenyewe. Siku hizi inajulikana kwamba baadhi ya wagonjwa wa Raynaud wamepungukiwa na nyuzi za neva vidoleni zinazotoa CGRP, kemikali ya kulegeza mishipa ya damu. Kipi kimezaa kipi, wataalamu bado wanavutana.

Kwangu Raynaud na kuharibika kwa neva vilikuwa na mzazi mmoja. Daktari aliniuliza kama macho yananikereketa, na kama naweza kumeza ugali bila mchuzi. Nikacheka, maana nyumbani nilikuwa nimeshapewa jina la Mama Mchuzi! Damu ikaonyesha ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na machozi, na mara nyingine neva pia. Lupasi na skleroderma, magonjwa mengine ya kinga kuushambulia mwili, nayo huweza kuja na Raynaud. Upande wa neva, kisukari, VVU na upungufu wa vitamini B12 ni vya kupimwa mapema.

Leo nina mafundi wanaonifanyia kazi, na yule bibi harusi bado ni mteja wangu. Kwa hiyo nisikilizeni. Acheni kuwaachia ndugu wawapimie maumivu yenu! Usimweleze daktari mmoja vidole na mwingine nyayo. Vaa glovu kabla ya kutoka, si baada ya vidole kufa, na sweta pia, maana kifua kikipata baridi vidole vinaumia. Usivipashe moto kwenye jiko la mkaa, utaungua bila kusikia. Sigara acha. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini na propranolol ya presha hukaza mishipa. Muulize daktari, usiziache kienyeji. Mimi natumia nifedipini, dawa ya kulegeza mishipa ya damu, mwanzoni kichwa kiliniuma. Na ncha ya kidole ikitoa kidonda au ikiwa nyeusi, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.