Maswali ya wasomaji: Nimesoti jedwali, mabomba yamehama

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji huku Muheza, ramani ya mtandao wetu iko kwenye QGIS, ile programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, laini za mabomba 214, kila moja ina kipenyo, aina ya bomba, mwaka wa kulazwa na urefu, huo urefu niliukokotoa humohumo kwenye programu. Juzi nikataka kusahihisha vipenyo, sasa mimi jedwali la QGIS silipendi, mkono umezoea spredishiti, basi nikalifungua lile faili la dbf kwa LibreOffice, nikasoti kutoka kipenyo kikubwa kwenda kidogo, nikasahihisha, nikasevu. Kufungua ramani nakuta bomba la milimita 110 linaingia uani kwa bibi mwenye koki moja, na laini kuu inayotoka tenki imeandikwa 25. Michoro iko palepale ila maelezo yamehama. Mwenyekiti anataka ramani Ijumaa. Nimeua kazi ya miezi mitatu au kuna namna?

JIBU: Pole sana ndugu katibu, na usione aibu, mimi mwenyewe nilishafanya hivyohivyo na nguzo za umeme, nikakaa wiki nzima namlaumu mtu aliyenipa data kumbe muuaji ni mimi.

Kilichotokea ni hiki. Ramani yako imehifadhiwa kwa mtindo wa shapefile, na shapefile siyo faili moja, ni kundi, shp imebeba michoro na dbf imebeba maelezo, na kinachowaunganisha ni foleni tu: mchoro wa kwanza unachukua mstari wa kwanza, wa pili wa pili, hadi mwisho. Hakuna jina wala namba ya siri katikati yao. Wewe umepanga upya foleni ya upande mmoja, upande wa pili haujaambiwa. Ukibonyeza kichwa cha kolamu ndani ya QGIS inapanga macho yako tu, faili haliguswi, ila LibreOffice inaandika ule mpangilio kwenye faili lenyewe.

Habari njema hakuna mstari uliopotea, wote 214 wapo, wamekaa viti visivyo vyao, na hata vile vipenyo ulivyosahihisha vitarudi pamoja na mistari yake. Kabla ya chochote kopi folda nzima uiweke pembeni. Halafu tazama kolamu ya id. Ukitengeneza shapefile mpya QGIS inakuwekea kolamu ya id yenyewe, ila wengi wetu hatuijazi kwa uvivu, inabaki imeandika NULL, yaani haina kitu. Kama wewe uliijaza 1, 2, 3 kwa mfuatano ule uliochorea, umepona, fungua tena dbf, soti kwa id, sevu, kanywe chai.

Kama ni NULL tupu basi anayekuokoa ni ule urefu. Fungua jedwali ndani ya QGIS (katika projekti ileile ya mwanzo, maana mipangilio ya vipimo ikibadilika namba zinapishana), bonyeza penseli ya njano, halafu ile alama ya abakasi, tengeneza kolamu mpya ya desimali uiite urefu2 na uandike round($length, 2). Sasa kila mstari una kolamu mbili za urefu, ule wa zamani umesafiri na maelezo yake, huu mpya ni wa mchoro uliopo pale kwa kweli. Bomba lenye urefu2 wa 48.37 maelezo yake yapo kwenye mstari ambao urefu wa zamani ni 48.37, popote ulipojificha. Toa jedwali kama CSV (faili la jedwali lenye maandishi matupu), lirudishe ndani kama jedwali tu lisilo na michoro, ingia kwenye sifa za leya yako (ile tabaka ya mabomba kwenye ramani) sehemu ya Joins, unganisha urefu2 wa leya na urefu wa CSV, desimali ziwe sawasawa pande zote mbili. Zitakazogoma ni zile mlizochora upya baada ya kupima, au mbili zilizolingana urefu, hizo chache tembea nazo na fundi bomba, yeye hahitaji jedwali.

Ukimaliza hifadhi kama GeoPackage uachane na shapefile. Ni faili moja na kila mchoro una namba yake ya fid. Tena majina ya kolamu hayakatwi, shapefile inakubali herufi 10 tu, jamaa mmoja aliandika tarehe_kufungwa ikabaki tarehe_kuf, watu wakadhani bomba limekufa.

SWALI: Kaka nilichagua laini 6 nikataka ziwe PVC, zote kwenye ramani zikawa PVC. Nimerogwa?

JIBU: Hujarogwa dada, umebonyeza Update All badala ya Update Selected, vimekaa jirani kabisa kwenye ule upau wa juu ya jedwali, na kwa maoni yangu aliyeviweka hivyo hakutuonea huruma. Kama hujasevu, Ctrl na Z, au zima penseli ukubali kutupa mabadiliko. Kama umeshasevu ni kurudi kwenye kopi ya jana, na kama kopi ya jana haipo tusilaumiane. Siku nyingine kona ya chini kushoto ya jedwali chagua lioneshe zilizochaguliwa tu, uhesabu kwa macho ni 6 kweli ndo ubonyeze.

SWALI: Namba za mita zetu zinaanza na sifuri, 0047, nikipitisha kwenye Excel zinakuwa 47. Nifanyeje?

JIBU: Excel ikiifungua CSV kwa kubofya mara mbili inaona namba, na namba haianzi na sifuri, ndo inazifuta. Fungua kwa LibreOffice, kabla haijafunguka inakuuliza, hiyo kolamu iambie ni maandishi. Zilizokwisha kuharibika tengeneza kolamu mpya ya maandishi kwa abakasi, andika lpad("mita_no", 4, '0'), jina la kolamu ndani ya alama mbilimbili na sifuri ndani ya mojamoja, ukizipishanisha hizo itakutolea maandishi mekundu.