"Bibi ametulia": deliriamu ya kimya kwa wagonjwa wazee

Ukipokea zamu ukaambiwa "bibi wa kitanda cha sita ametulia, hana usumbufu," anza naye. Mzee aliyeingia juzi akiongea vizuri, leo analala mchana kutwa, uji umepoa pembeni na tonge la asubuhi bado liko shavuni, huenda ana deliriamu. Yule anayeweweseka usiku na kunyofoa dripu kila mtu humwona. Huyu wa kimya hupitwa, naye hanywi, hageuki, hakohoi vizuri. Nimonia na vidonda vya mgandamizo humkuta hapo hapo kitandani.

Deliriamu ni akili kuvurugika kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, na hali hupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Ila mwenye huo wa kusahau ndiye hupata deliriamu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo usikubali haraka neno "ndivyo alivyo." Muulize anayeishi naye: wiki iliyopita alikuwa anakufahamu? Alikwenda chooni mwenyewe? Lini mara ya mwisho ulimwona yuko sawa?

Salamu yenyewe inakusaidia. Mwamkie "Shikamoo bibi," kisha subiri. Akichelewa kuitikia, akiitikia huku macho yanafumba, au akianza "marahaba" na kuishia njiani, endelea na kipimo cha 4AT, maswali mafupi ya kutambua deliriamu. Kinachukua kama dakika mbili. Usingizi mzito au fadhaa isiyo ya kawaida ni alama 4. Umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu: kosa moja alama 1, mawili au zaidi alama 2. Kisha ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba: akifikisha 7 ni sifuri, akishindwa kufika au akikataa ni 1, akiwa hapimiki kabisa ni 2. Mabadiliko ya ghafla au yanayopanda na kushuka ni alama 4. Jumla ikifika 4, ichukue kuwa deliriamu na umwite daktari. Wazee wengi wetu hawajui tarehe waliyozaliwa wala hawakusoma, kwa hiyo neno la ndugu kuhusu mabadiliko lina uzito mkubwa kuliko miezi na miaka.

Kabla daktari hajafika, kuna mengi ya kufanya. Pima sukari, ikiwa chini ya 4 mmol/L, itibu papo hapo kwa mwongozo wa wodi. Pima oksijeni, na hesabu pumzi dakika nzima, kwa sababu mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa. Pima malaria. Tazama ulimi kama umekauka. Bonyeza taratibu juu ya mfupa wa kinena: uvimbe wa duara unaomfanya akunje uso ni kibofu kilichojaa. Shuka iliyolowa isikudanganye, kibofu kilichofurika hutoa matone. Uliza choo kikubwa cha mwisho kilikuwa lini. Maumivu nayo: aliyevunjika nyonga asipopewa dawa ya kutosha huvurugika, na akizidishiwa tramadol au pethidine huvurugika vilevile.

Halafu fungua chati ya dawa. Diazepam, amitriptyline, promethazine, Piriton, Artane (dawa ya kutetemeka na kukakamaa): hizi huvuruga wazee sana, na baadhi mara nyingi zimeandikwa "alale vizuri." Mwambie daktari kwa jina la dawa. Diazepam ina nafasi yake kwa aliyeacha pombe au dawa za jamii hiyo ghafla. Kwa wengine huzidisha.

Haloperidol, dawa ya kutuliza fadhaa, ibaki kwa mgonjwa aliye hatarini baada ya mengine yote kushindwa, na isitolewe kwa mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Kosa la hatari liko kwenye kichupa: cha mg 5 kwa ml 1 huvutwa chote, wakati mzee huanzia mg 0.5, yaani ml 0.1. Tumia bomba la ml 1, na mwenzako ahakiki.

Kumfunga mikono kwa bendeji humzidishia hofu na kumjeruhi. Mpira wa mkojo usiohitajika utoe. Mvalishe miwani na meno yake, mpe maji kidogo kidogo akiwa ameketi, fungua pazia asubuhi, mtoe kitandani. Usiku punguza taa, na usimwamshe kwa vipimo vinavyoweza kungoja. Mwombe mkuu wa wodi ruhusa ya ndugu mmoja kulala naye. Sauti anayoijua humtuliza.

Ndugu wakisema ni mapepo, usiwakaripie. Waeleze kwamba mwili unaumwa na ubongo umechoka, kwamba huenda ikachukua siku au wiki kurejea, na wasibishane naye anapoona wasioonekana. Waulize pia, bila kufoka, kama amepewa dawa za kienyeji.

Kwenye ripoti, badala ya "ametulia" andika: "Saa 2 asubuhi anaamka akiitwa, anasinzia katikati ya jibu, jana jioni alikuwa anaongea vizuri. 4AT 8. Sukari 6.1. Kibofu hakijajaa. Daktari amejulishwa saa 2:20."