"p16 chanya" maana yake nini?

SWALI: Baba yetu ana saratani ya tonsili. Majibu ya maabara yameandikwa "p16 chanya". Je, hali ni mbaya zaidi?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Hapana, hiyo ni habari ya kutia moyo. p16 ni protini inayojaa kwenye seli zilizoharibiwa na HPV, virusi vinavyoweza kuleta saratani; kwa hiyo "chanya" ni dalili kwamba saratani ilitokana na virusi hivyo. Maabara hutia rangi kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Seli zikishika rangi sawasawa kwa asilimia 70 au zaidi, jibu ni chanya. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, wagonjwa wa saratani ya koo wenye HPV waliokuwa hai baada ya miaka 3 ni takriban 82 kwa kila 100. Wasio na HPV, 57. Seli za saratani yenye HPV huzidiwa na tiba ya mionzi upesi zaidi.

Ila sigara hula faida hiyo, hasa kwa aliyevuta pakiti moja kila siku kwa zaidi ya miaka 10. Kama baba anavuta, aache leo, kabla ya mionzi.

Tafadhali, kwa sababu ya habari hii njema, msiombe apunguziwe dawa. Katika majaribio, sisplatini (dawa ya kemo inayotolewa pamoja na mionzi) ilipobadilishwa kwa setuksimabu, dawa nyingine ya saratani, ili kupunguza makali ya tiba, vifo viliongezeka.