Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Urubani Ukikaribia Miaka Hamsini

SWALI: Nina miaka 48, navaa miwani na nameza dawa ya shinikizo la damu kila asubuhi. Nilipe ada ya chuo cha urubani, au nimechelewa? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hujachelewa, ila usilipe bado. Leseni ya rubani binafsi ina umri wa chini tu, miaka 17. Kinachoamua ni cheti cha afya cha daraja la 2, na hicho hutolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, si daktari wako wa kawaida. Ukiwa umevuka 40 utapimwa umeme wa moyo, na cheti chako kitadumu miezi 24 badala ya 60. Shinikizo lililodhibitiwa vizuri si lazima likuzuie. Daktari ataangalia zaidi ni dawa gani unayotumia na inakufanyaje, kwa hiyo nenda na pakiti yenyewe pamoja na rekodi ya vipimo vyako. Miwani itaandikwa kama sharti, na itakubidi ubebe ya akiba kila unaporuka. Na ukishikwa na mafua, usimeze Piriton kisha ukaingia kwenye ndege: inaleta usingizi.

Kisha pesa. Kima cha chini cha kimataifa ni saa 40 za kuruka (35 katika kozi iliyoidhinishwa). Kati ya hizo, 10 uruke peke yako, zikiwemo 5 za safari ya kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, na safari moja iwe ya kilomita 270 au zaidi ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Mwenye kazi na familia apange bajeti ya zaidi ya 40. Tunashauri ukusanye ada kwanza, ndipo uanze kuruka mara mbili au tatu kwa wiki. Anayeruka mara moja kila wiki mbili hutumia nusu ya somo kukumbushwa la nyuma.

SWALI: Nimefikisha saa 22 kwenye Cessna 172. Kila nikitua, ama nainua pua mapema mno ndege ikaanguka kwa kishindo, ama inagusa na kuruka tena. Nina miaka 53. Je, ni uzee? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kabla ya kuulaumu umri, tuanze na miwani. Kama yako ni ya progresivu, sehemu ya chini ya kioo ni ya kusomea kitabu kilicho sentimita 40 hivi kutoka usoni. Wakati wa kutua unatazama chini kupita pua ya ndege, jicho linapita kwenye sehemu hiyo, na ardhi inaonekana na ukungu wakati ule ule unapohitaji kujua iko umbali gani. Kaa kwenye kiti chako cha ndege, mtu apime kwa utepe kutoka jichoni hadi kwenye ala (vipimo vilivyo kwenye dashibodi), kisha mpelekee mtengeneza miwani kipimo hicho. Mwombe sehemu ya kusomea iwe ndogo na ikae chini kabisa, ili kila unachokiona juu ya dashibodi kipite kwenye kioo cha mbali. Epuka vioo vya polaroidi, kwani huweza kuzima skrini za ala.

Pili, kiti. Kiweke kimo kile kile kila siku. Ukikaa chini sentimita tatu tu, picha ya kutua inabadilika. Kisukume mbele na nyuma uhakikishe kimeshika kwenye reli. Kiti cha Cessna kikiteleza nyuma wakati wa kupaa, rubani huvuta usukani bila kutaka.

Tatu, macho. Ukikaribia ardhi, yahamishe hadi mwisho wa njia ya kurukia. Anayekodolea lami iliyo mbele ya gurudumu huona inakimbia na kumjia, anashtuka, anavuta.

Nne, mwendo. Flapu (vibamba vya nyuma ya mabawa) zikiwa chini, 172 nyingi hukaribia kwa noti 60 hadi 70 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Fuata kitabu cha ndege yako. Ukizidisha noti 10, ndege itaelea, nawe utajaribu kuilazimisha ishuke. Hapo gurudumu la mbele hutangulia na ndege hudunda. Usisukume usukani kamwe baada ya kudunda, maana mdundo wa pili au wa tatu ndio huvunja gurudumu hilo na kupiga rafadha (propela) chini. Mdundo ukiwa mdogo, shikilia pua ilipo na ongeza nguvu kidogo. Ukiwa mkubwa, paa tena: nguvu zote, joto la kabureta (hewa ya moto inayoingizwa kwenye kabureta kuzuia barafu) lifungwe, flapu zirudi nyuzi 20, na zilizobaki uzipandishe polepole mwendo ukishapatikana.

SWALI: Nilifunzwa pwani. Sasa niko kiwanja cha Wilson na ndege ile ile imekuwa nzito. Kwa nini? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Wilson iko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 26, hewa yake ni nyepesi kama ya futi 8,000 hivi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban robo ya nguvu zake. Pwani ulizoea kusukuma kidhibiti cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi mwisho. Hapa mafuta yatazidi hewa na injini itakohoa. Wakati wa kujaribu injini, kivute taratibu hadi mizunguko ya injini ifike kileleni, kisha kirudishe kidogo. Hata unapoacha kutua na kupaa tena, usikisukume chote.

Hatari nyingine iko kwenye macho. Noti 65 za kwenye kipimamwendo hapa ni kama noti 73 halisi. Ardhi inakimbia, unadhani umezidisha, unainua pua, na mabawa yanakaribia kuacha kubeba. Amini kipimamwendo.

SWALI: Mbona naambiwa nifungue joto la kabureta na hakuna baridi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa vikali, hivyo barafu hujiunda hata nje kukiwa na nyuzi 20 na zaidi, hasa penye unyevu na nguvu ikiwa ndogo. Dalili ni mizunguko kushuka bila wewe kugusa kitu. Fungua joto lote. Injini itatetemeka barafu inapoyeyuka na mizunguko itashuka zaidi. Wengi huogopa wakafunga hapo. Acha wazi mpaka ipande tena.