Unga wa stendi, majani ya mnyonyo na kigoda cha fundi

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 41. Kiuno kilianza kunikata mwezi wa Shaabani, tulipokuwa tunakesha na kanzu na madera ya Sikukuu. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka kwenye tako la kulia, ila gotini hayafiki. Nikikaa kwenye kigoda saa nzima, kunyanyuka ni kazi.

Vidonge sivipendi, nataka vitu vya asili tu. Mke wangu hunikanda jioni kwa majani ya mnyonyo, napata nafuu na kulala, asubuhi yanarudi. Nimenunua na mkanda wa kubana kiuno, shilingi 25,000. Kilichonisaidia hasa ni unga wa mitishamba niliouziwa pale stendi. Siku mbili tu, mgongo kimya! Sasa ni mwezi wa tatu nalamba kijiko asubuhi na jioni, na nikiukosa maumivu yanarudi kwa hasira. Nimenawiri hata uso umejaa, wateja wananitania kwamba nimeongeza mke wa pili. Je, niendelee nao mpaka lini? Kupiga chuku, ile ya kuumikwa damu kwa pembe, kunafaa? Na huyu mke wangu mmoja amenihamishia chini kwenye mkeka, anasema godoro ndilo adui. Ni kweli?

Fundi wa Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma nikitabasamu mpaka nilipofika kwenye huo uso uliojaa. Hapo nikavua miwani.

Mama yangu alikuwa mkandaji Pangani. Nimekua nikimwona akitwanga, akichemsha, akichua wanawake waliotoka kujifungua na wavuvi waliovuta majarife. Sijamsikia hata siku moja akimwambia mtu kwamba keshokutwa atakuwa mzima. Baadaye nikasomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, huko Moshi, na kwa miaka yote niliyoshika migongo ya watu nimejifunza kuuogopa unga unaofanya kazi haraka hivyo. Katika nchi mbalimbali, dawa za kienyeji za maumivu zilizopimwa maabara zimekutwa zimechanganywa na diklofenaki, dawa ya hospitali ya maumivu, au na dawa za jamii ya steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni. Steroidi hutuliza maumivu kweli, na hamu ya kula huja. Ukizitumia kwa wiki nyingi, uso huvimba ukawa mviringo, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika. Watu wataita kunawiri.

Chupa ya huo unga sijaiona, kwa hiyo siapi kwamba zimo. Lakini usingoje kujua. Nenda hospitali kesho, iwe Bombo au kituo kilicho karibu nawe, na chupa mkononi. Sema ni vijiko vingapi kwa siku na tangu lini, wakupime presha na sukari. Na usikasirike ukaitupa chooni leo usiku. Mwili uliozoea steroidi kwa miezi huacha kutengeneza steroidi zake wenyewe, na ukizikata ghafla unaweza kutapika, kuishiwa nguvu, hata kuzimia. Daktari ndiye atakayekupunguzia kidogo kidogo.

Hukohuko waambie kama una homa za jioni, jasho la usiku au ulikuwa unakonda kabla ya huo unga, maana kifua kikuu hushika hata pingili za mgongo, na steroidi huweza kuificha homa. Ikitokea mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, ukafa ganzi mahali unapokalia, au mguu ukakosa nguvu, usingoje kuche.

Sasa tuje kwenye asili yenyewe, ambayo unayo nyumbani na umeidharau. Mkeo anafanya jambo la maana. Moto wa lile jani hulegeza misuli iliyojikaza kulinda kiuno. Mama hakuwa na masharti ya jani. Akikosa mnyonyo alikaanga chumvi ya mawe, akaifunga kwenye kitambaa. Wewe angalia tu usiungue. Kosa lako ni moja: ukishakandwa unalala. Mkono wa mkandaji umekununulia pengine nusu saa ya nafuu, nawe unaimaliza ukiwa umejinyoosha! Hiyo ndiyo nusu saa ya kutembea. Mama alikuwa akimaliza kumkanda mtu anamtuma kisimani, na sisi watoto tulidhani ni uchoyo wa kuchota maji.

Kutembea si ushauri wa kizee. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa siku 208 hivi kabla maumivu hayajarudi. Wenzao walioachwa bila mpango, siku 112. Lengo lilikuwa dakika 30, mara tano kwa wiki, na walilifikia polepole. Wewe anza na barabara mbili tatu za Ngamiani kila jioni, kisha uongeze moja moja.

Halafu cherehani. Fundi anainama mbele kutwa, kwa hiyo mgongo wake unadai kurudishwa nyuma. Kuna kisa tulichosimuliwa darasani: mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mgonjwa wa Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia, alilala kifudifudi kwenye kitanda ambacho kichwani kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa. Akakaa dakika kadhaa amepinda kinyumenyume, mkao ambao wakati ule ulihesabiwa kuwa wa hatari. McKenzie aliporudi akamkuta anasema maumivu ya mguu yamekwisha. Kutokana na kitanda kile kilichosahauliwa ukazaliwa mtindo mzima wa mazoezi. Kwako: kila bobini ikiisha uzi, simama, weka viganja kiunoni, jipinde nyuma taratibu mara kumi. Maumivu yakipanda juu kutoka kwenye tako kuelekea kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma kidogo. Yakishuka kuelekea goti, acha.

Kigoda chako nakihisi hata kwenye mwandiko. Tafuta kiti chenye mgongo, kirefu kiasi kwamba nyonga ziwe juu kidogo ya magoti unapokanyaga, na kanga iliyoviringishwa uiweke nyuma ya kiuno. Kitambaa kifuate macho yako, usikifuate wewe. Inua meza kwa vipande vya ubao ikibidi.

Mkanda wa shilingi 25,000 umeshaununua, basi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauipendekezi mikanda hiyo. Mwongozo huo ulichagua mazoezi, kuchuliwa, sindano za Kichina za akupancha na mengine, na katika mimea ukaipa nafasi pilipili ya kupaka. Pilipili ina kitu kiitwacho kapsaisini, ambacho huchokoza mishipa ya fahamu mpaka ikachoka kupeleka habari ya maumivu. Mwanasayansi David Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kuonyesha mlango ambao kapsaisini huufungua kwenye mishipa hiyo. Nunua krimu iliyotengenezwa duka la dawa. Usiponde pilipili kichaa ukajipaka, na baada ya kupaka nawa mikono kabla hujagusa jicho au kitu kingine cha thamani.

Chuku? Wapo wanaosema imewasaidia, siwapingi, ila lugha yetu yenyewe inajua kupiga chuku ni nini. Ukitaka, sharti ni wembe mpya unaofunguliwa mbele ya macho yako. Homa ya ini na Ukimwi haviulizi kama wembe ulikuwa wa tiba.

Kuhusu mkeka, mkeo amekosea, ingawa zamani hata madaktari walisema kama yeye. Mwaka 2003 wataalamu wa Uhispania waliwagawia watu 313 wenye maumivu ya kiuno magodoro magumu na ya ugumu wa wastani, na waliolalia ya wastani ndio walioamka na nafuu zaidi. Godoro lenu kama limebonyea katikati, ligeuzeni au mlibadilishe. Kama halijabonyea, mwonyeshe mkeo ukurasa huu, umwombe kwa adabu akurudishe kitandani.